Treni ya Abiria ya TAZARA, Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ya wanaotaka kuijua historia ya treni ya abiria ya TAZARA (Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia), pamoja na wanaotaka kuipanda. Mambo hayo mawili hayatenganiki. Ukijua reli ilijengwa kwa ajili ya nini na inapita wapi, utaelewa kwa nini treni inachelewa, kwa nini kuna vituo vingi porini, na kwa nini wakazi wa Mlimba au Mang'ula, miji midogo ya bonde la Kilombero, wanaisemea kwa moto kuliko watu wa Dar es Salaam.

TAZARA ndiyo TRC? Ndiyo SGR?

Hapana. Hizi ni reli tatu tofauti, na kila wiki kuna mtu anayefika stesheni isiyo yake.

Reli ya Kati ya zamani, inayokwenda Tabora, Kigoma na Mwanza, ni ya Shirika la Reli Tanzania (TRC). Upana wake ni milimita 1,000. SGR, reli mpya ya kisasa, nayo ni ya TRC, inaendeshwa kwa umeme, upana wake ni milimita 1,435, na ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. TAZARA ni mamlaka inayojitegemea, mali ya Tanzania na Zambia nusu kwa nusu. Upana wa njia yake ni milimita 1,067, na stesheni yake ya Dar es Salaam iko kwenye makutano ya Barabara ya Nyerere na Barabara ya Mandela. Eneo zima linaitwa Tazara, kwa hiyo kondakta wa daladala yeyote anakujua unakokwenda. Kutoka stesheni za TRC katikati ya mji unahitaji usafiri. Usijipe dakika chache.

Kwa nini reli hii ilijengwa?

Kwa sababu ya shaba, na kwa sababu ya siasa za kusini mwa Afrika.

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa haina bahari, na fedha zake za kigeni karibu zote zilitokana na shaba. Shaba hiyo ilikuwa ikisafirishwa kwa reli kupitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo) hadi bandari za Msumbiji, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wareno. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake yenyewe, na Zambia ikajikuta inategemea njia iliyo mikononi mwa watu inaowapinga. Njia ya magharibi, Reli ya Benguela kupitia Angola, nayo ilikuwa chini ya Wareno, na Agosti 1975 ilifungwa na vita.

Julius Nyerere na Kenneth Kaunda walitafuta wafadhili Magharibi kwanza. Benki ya Dunia ilijibu kwamba reli haitajilipa na kwamba barabara ingetosha. Barabara ilijengwa kweli, ile ya TANZAM kati ya Tanzania na Zambia, kwa msaada wa Marekani, na bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika 1968 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Lakini malori hayakuweza kubeba uchumi wa nchi nzima. Nyerere alizungumza na viongozi wa China alipozuru huko Februari 1965, Kaunda akaenda 1967, na makubaliano ya nchi tatu yakatiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967.

Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia. Wakati huo reli ilikuwa bado njiani. Ukitaka kuelewa kwa nini ujenzi ulikwenda mbio kiasi kile, anzia hapo.

Nani alilipa?

China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30 baada ya kipindi cha nafuu, yaani cha kutolipa kwanza. Mkataba wa fedha ulisainiwa Julai 1970.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni jinsi gharama za ndani zilivyolipwa: mishahara ya vibarua, chakula, saruji na kadhalika. China haikuleta fedha taslimu kwa ajili ya hayo. Ilileta bidhaa kwa mkopo, na mashirika ya biashara ya Tanzania na Zambia yakaziuza madukani. Fedha za mauzo ndizo zilizolipa gharama hizo. Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 maduka yalijaa vyombo, nguo na baiskeli za Kichina, na ndiyo maana ununuzi wa kawaida dukani ulikuwa sehemu ya ujenzi wa reli.

Ujenzi ulichukua muda gani, na wapi palikuwa pagumu?

Upimaji ulifanyika kati ya 1968 na 1970. Ujenzi ulizinduliwa rasmi Oktoba 1970. Kipande cha kwanza, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilikamilika Novemba 1971, yaani mwaka mmoja na kidogo. Reli ilivuka mpaka Tunduma Agosti 1973, na ikafika New Kapiri Mposhi, mwisho wake upande wa Zambia, Juni 1975. Jumla ni kilomita 1,860: 975 Tanzania na 885 Zambia. Makabidhiano rasmi yalifanyika tarehe 14 Julai 1976.

Angalia tarehe hizo tena. Kilomita 502 zilichukua mwaka mmoja, halafu kutoka Mlimba hadi Tunduma, umbali mdogo kuliko huo, zikaenda karibu miaka miwili. Sababu ni kipande cha Mlimba hadi Makambako. Ni kilomita 157 tu, lakini hapo reli inatoka bonde la Kilombero na kupanda ukuta wa Nyanda za Juu Kusini, zaidi ya mita 1,000 kwenda juu. Ndani yake kuna madaraja 46 na mahandaki 18, wakati mahandaki ya reli yote ni 22. Daraja la mto Mpanga linasimama juu ya nguzo za mita 50. Udongo wa huko ni mlaini na unalowa haraka. Mvua ikikolea, kingo zinashuka. Wajenzi walilijua hilo kwa uchungu, na wahandisi wa matengenezo wanapambana nalo hadi leo.

Kazi ilipopamba moto 1972 walikuwapo Wachina wapatao 13,500 na Waafrika wapatao 38,000, wakiwemo vijana wa JKT upande wa Tanzania. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, pamoja na Watanzania na Wazambia. Makaburi ya wataalamu wa China yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na yanatunzwa vizuri. Wenzao Waafrika walizikwa walikozikwa, na majina yao hayajaandikwa mahali pamoja kwa heshima ileile. Wanastahili.

Kwa nini upana wake haulingani na Reli ya Kati?

Kwa sababu ililenga kusini. Reli za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini zote ni milimita 1,067, na TAZARA iliwekewa upana huohuo ili mabehewa ya shaba yatoke migodini hadi bandari ya Dar es Salaam bila kupakuliwa. Kwa nadharia, behewa linaweza kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town bila kubadili magurudumu.

Gharama yake ni kwamba TAZARA na Reli ya Kati haziungani. Mahali zinapokaribiana ni Kidatu, ambako tawi la milimita 1,000 kutoka Kilosa linafika. Mwaka 1998 kilianzishwa hapo kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine. Abiria hawezi kutegemea njia hiyo. Mtu wa Tabora anayekwenda Mbeya kwa reli lazima ajipange upya.

Reli yenyewe imejengwa na nini?

Njia moja tu, pamoja na njia za kupishania kwenye vituo. Vyuma vya reli ni vya kilo 45 kwa mita. Mataruma, yaani mihimili inayolala chini ya vyuma hivyo, kwa sehemu kubwa ni ya zege, na hilo lilikuwa chaguo la busara: taruma la mbao kwenye bonde lenye unyevu na mchwa halidumu. Chini yake kuna kokoto, na kokoto ndiyo roho ya matengenezo. Ikijaa udongo haipitishi maji, maji yakikaa tuta linalegea, tuta likilegea reli inapinda kidogo, na hapo treni hupunguziwa mwendo. Abiria anaona treni inatambaa bila sababu mahali tambarare. Sababu iko chini ya behewa.

Sehemu ya juu kabisa ya njia yote ni Uyole, Mbeya, takriban mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Upande wa Zambia kilele kiko Mwenzo, mita 1,660. Beba sweta hata kama Dar es Salaam unatoka jasho.

Treni za abiria zilianza lini?

Safari za majaribio zilianza mwishoni mwa 1975, na huduma kamili ikafuata makabidhiano ya Julai 1976. Kwenye hoja za mwanzo abiria hawakuwa wa kwanza; shaba na mbolea zilitangulia. Lakini reli ilipita kwenye maeneo ambayo hayakuwa na barabara ya maana, na watu hawakusubiri kualikwa. Upande wa Tanzania, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 ilihamishia watu kando ya reli. Vituo vilivyokuwa kambi za wajenzi vikawa miji midogo. Mang'ula, iliyokuwa na karakana ya ujenzi, ni mfano mzuri. Mpunga, ndizi, mahindi na mbao vikapata soko kwa sababu treni inasimama.

Hapo ndipo thamani ya treni ya abiria ilipo. Wanaoipima TAZARA kwa tani za shaba peke yake wanaipima nusu.

Mukuba na Kilimanjaro zina tofauti gani?

Ni treni mbili za njia ileile. Mukuba ni treni ya haraka, inasimama vituo vikubwa. Kilimanjaro ni treni ya kawaida, inasimama vituo vingi zaidi, na ndiyo wanayoitegemea wakulima na wafanyabiashara wadogo.

Ratiba iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa hivi: Mukuba kutoka Dar es Salaam Ijumaa saa 9:50 alasiri, kufika New Kapiri Mposhi Jumapili asubuhi, kugeuka Jumanne na kurudi Dar es Salaam Alhamisi. Kilimanjaro ilitoka Dar es Salaam Jumanne saa 7:50 mchana na kugeuka Kapiri Ijumaa. Kwa Mukuba hiyo ni safari ya saa 40 na ushee. Ukigawanya kilomita 1,860 kwa muda huo pamoja na kusimama vituoni, unapata wastani wa kilomita 45 hivi kwa saa.

Ukitazama siku hizo vizuri utaona kila treni ilipangwa ili seti moja ya mabehewa itoshe kwa mzunguko wa wiki. Mukuba inafika Alhamisi na kuondoka tena Ijumaa. Hiyo siku moja ndiyo ya kufagia, kujaza maji, kukagua breki na magurudumu, na kubadili behewa bovu. Treni ikichelewa saa 20 kutoka Zambia, ama inaondoka bila kukaguliwa vizuri, ama inachelewa kuondoka. Ndiyo maana uchelewaji wa wiki hii mara nyingi umezaliwa wiki iliyopita, na ndiyo maana kabla ya kwenda stesheni uulize treni *imeshaingia?*, si *inaondoka saa ngapi?*

Kipisi ni nini?

Ni jina ambalo watu wa bonde la Kilombero waliipa treni fupi ya ndani, isiyovuka mpaka, iliyokuwa ikifanya safari kati ya vituo vya bondeni na Makambako. Baadaye treni ya aina hiyo imejulikana pia kama Udzungwa. Kwa mfanyabiashara wa ndizi au mchele, kipisi kilikuwa na manufaa kuliko treni kubwa: unapanda na mzigo wako asubuhi, unauza Makambako, unarudi na viazi, maharage au nguo. Kati ya Mlimba na Makambako, hasa masika, barabara haikuwa mshindani wa kweli. Kipisi kinaposimama, bei ya ndizi shambani inaanguka na bei ya sukari dukani inapanda, vyote ndani ya wiki moja.

Usiichanganye na treni ya jijini ya TAZARA iliyoanzishwa Oktoba 2012 kwenda Mwakanga. Hiyo ndiyo watu wa Dar es Salaam waliyoiita "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo.

Kwa nini treni inachelewa sana?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu "uzembe" halitoshi. Sababu ziko kadhaa na zinapandana.

*Njia ni moja.* Treni mbili zinazokutana lazima moja ingoje kwenye njia ya kupishania. Moja ikichelewa, inaichelewesha nyingine, ambayo nayo inaichelewesha ya tatu. Treni ya mizigo ikiacha njia mahali popote, hakuna pa kuzungukia. Abiria wa pande zote mbili wanasubiri kreni ifike. Ajali ikitokea kwenye mahandaki ya Mlimba–Makambako, kreni yenyewe inapata shida kufika na kujipanga.

*Mwendo hupunguzwa.* Pale tuta lilipolegea, au daraja linaposubiri matengenezo, dereva anapewa kikomo cha mwendo. Vikomo kumi vya kilomita chache kila kimoja vinakula saa nzima na zaidi, na ratiba iliyochapishwa haivijui.

*Vichwa vya treni ni vichache.* Hii ndiyo sababu kubwa, na ina historia yake. Vichwa vya kwanza vilikuwa vya Kichina aina ya DFH, dizeli yenye mfumo wa haidroliki. Kwenye tambarare vilifanya kazi. Kwenye mpando wa Makambako nguvu zilipungua na mashine zilipata joto kupita kiasi, kwa sababu kazi nzito kwa mwendo mdogo na kwa muda mrefu ndiyo inayochemsha mafuta ya mfumo wa haidroliki. Vingi vilikaa karakana kusubiri vipuri. Mwaka 1983 vililetwa vichwa vya dizeli-umeme aina ya U30C, muundo wa General Electric vilivyoundwa na Krupp, Ujerumani Magharibi. Hivyo ndivyo vilivyobeba mzigo mzito wa reli kwa miongo iliyofuata, hadi navyo vikazeeka.

*Fedha zinatoka kwenye mizigo.* Nauli ya abiria haijawahi kutosha kuendesha treni ya abiria. Shaba na mbolea ndizo zilizonunua dizeli na vipuri. Uwezo uliokusudiwa ulikuwa tani milioni 2 kwa mwaka. Reli ilifikia tani milioni 1.2 hivi mwaka 1977/78, na haikuwahi kufika lengo. Mwaka 2014/15 ilianguka hadi takriban tani 88,000. Kichwa kimoja kizima kikibaki na wateja wawili, treni ya mizigo yenye fedha na treni ya abiria yenye hasara, unajua uongozi utaamua nini. Abiria wa Kilimanjaro anayelala Makambako akisubiri kichwa anaumizwa na soko la shaba kuliko na mtu yeyote aliye stesheni.

Mizigo ilikwenda wapi?

Ilirudi kusini, na ilihamia barabarani. Oktoba 1978, bandari ya Dar es Salaam ikiwa imesongamana na mbolea ya Zambia imekwama, Kaunda alifungua tena njia ya Rhodesia. Zimbabwe ikapata uhuru Aprili 1980, na ubaguzi ulipokwisha Afrika Kusini miaka ya 1990, bandari za kusini hazikuwa tena na doa la kisiasa. Malori ya barabara ya TANZAM yakachukua kilichobaki. Reli iliyojengwa ili kukwepa utawala wa walowezi ilipoteza sehemu ya biashara yake siku utawala huo uliposhindwa. Ilikuwa imefanya kazi yake.

Ni kweli ilishambuliwa wakati wa vita?

Ndiyo. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua madaraja ya mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia, la reli na la barabara. Lilikuwa shinikizo dhidi ya Kaunda, aliyewahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, katika mwaka ambao Zambia ilikuwa inaagiza mahindi kwa wingi.

Kuna madaraja gani ya kusafiria, na nichague lipi?

Daraja la kwanza ni chumba cha vitanda vinne. Daraja la pili la kulala ni chumba cha vitanda sita. Daraja la pili la kukaa lina viti vyenye nafasi, na daraja la tatu ni viti vya kawaida vinavyojaa haraka. Kuna behewa la chakula, na behewa la vifurushi kwa mizigo mikubwa.

Vyumba vya kulala vinagawanywa wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake. Mke na mume, au familia yenye mchanganyiko, hawakai pamoja isipokuwa wamelipia chumba kizima. Kwa familia ya watu wanne, kununua chumba chote cha daraja la kwanza kuna maana. Watu wawili wakinunua chumba kizima wanalipia vitanda viwili vitupu. Amueni kama faragha ina thamani hiyo.

Kwa Dar es Salaam hadi Mbeya, daraja la pili la kulala linatosha kabisa. Kwa safari nzima hadi Kapiri, ongeza fedha uchukue la kwanza kama unaweza: usiku mbili kwenye chumba cha watu sita na mizigo yao ni kazi. Omba kitanda cha chini kama una mtoto au magoti mabovu. Cha katikati kwenye daraja la pili kinakunjwa mchana, kwa hiyo mwenye kitanda hicho halali mpaka wenzake wakubali.

Usiku funga dirisha kabla ya kila kituo, na usiweke begi wala simu kwenye meza ya dirishani. Wizi mwingi hufanyika kwa mkono unaoingia kutoka nje treni ikiwa imesimama au ikianza kuondoka. Komeo la mlango nalo likague ukiwa bado stesheni ya kwanza, wakati mhudumu wa behewa anaweza kukuhamisha.

Nibebe nini?

Maji ya kunywa ya siku moja zaidi ya unavyodhani. Tochi. Karatasi ya chooni na sabuni, kwa kuwa maji ya behewa huisha kabla ya safari. Betri ya akiba ya simu. Noti ndogondogo za shilingi: vituoni utapata ndizi, mayai, mahindi, karanga, na bondeni mchele wa Ifakara, lakini muuzaji hana chenji na treni haimsubiri. Behewa la chakula hupika wali au ugali kwa kuku, nyama au samaki. Kula mapema siku ya pili, maana treni ikichelewa akiba ya jikoni inakwisha.

Wanyama wanaonekana wapi?

Kati ya Fuga na Kisaki, pale reli inapopita eneo lililokuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Twiga, swala na nyumbu si ajabu, na tembo huonekana. Suala ni mwanga. Treni inayotoka Dar es Salaam mchana ina nafasi kubwa ya kupita kabla giza halijaingia. Inayotoka karibu saa 10 inakimbizana na jua. Fuga, kituo kidogo msituni, kilipata kazi mpya treni za mizigo zilipoanza kushusha hapo vifaa vya ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere.

Mandhari ya Mlimba–Makambako ni bora kuliko wanyama, lakini kwa ratiba ya kawaida kutoka Dar es Salaam kipande hicho hupitwa usiku au alfajiri. Hapa kuchelewa kunakufaa.

Mpakani panakuwaje?

Tunduma ndiyo kituo cha mwisho Tanzania, Nakonde cha kwanza Zambia. Maofisa wa uhamiaji hukagua hati kwenye treni, kwa hiyo kaa chumbani kwako na pasipoti mkononi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe karibu. Wabadilisha fedha huingia kwenye mabehewa. Jua bei ya kwacha kabla, hesabu noti mwenyewe, badilisha kiasi cha chakula tu. Kuanzia hapo behewa la chakula hupokea kwacha.

Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Zambia iko nyuma ya Tanzania, na muda wa kufika Kapiri ulioandikwa kwenye ratiba ni wa Zambia. Kumbuka pia kwamba ratiba ya stesheni imeandikwa kwa saa 24: 15:50 ni saa 9:50 alasiri yetu. Kuna wanaopitwa na treni kwa hili.

Ile treni ya kifahari ya watalii ni ya TAZARA?

Hapana. Ni ya Rovos Rail ya Afrika Kusini, ambayo tangu 1993 hufanya safari za Cape Town hadi Dar es Salaam. Inatumia njia ya TAZARA na kuilipa. Inawezekana kwa sababu ile ya milimita 1,067 iliyoelezwa juu.

Hali ya sasa ikoje?

Mwaka 2015 na 2016 yaliletwa mabehewa 18 mapya ya abiria kutoka China, yakapunguza aibu ya viti vilivyochanika, ingawa behewa jipya haliwezi kujivuta lenyewe. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya awali ya kuifufua reli. Septemba 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya China CCECC, wenye thamani ya dola bilioni 1.4: miaka ya kwanza kukarabati, iliyobaki kuendesha.

Safari za abiria zimewahi kusitishwa kwa vipindi, na wakati wa ukarabati kipande cha njia kinaweza kufungwa. Usipange safari kwa ratiba uliyoikuta mtandaoni. Piga simu stesheni siku mbili kabla, kisha tena asubuhi ya safari.

La kufuatilia katika mkataba huu ni treni za abiria zitalindwa vipi. Mwekezaji anayetafuta faida atapenda shaba, na ana haki. Kwa kuwa abiria wamekuwa wakibebwa na mizigo tangu 1976, idadi ya treni za abiria kwa wiki, pamoja na kipisi, inapaswa kuandikwa kama sharti na kutangazwa hadharani.

Nikifika New Kapiri Mposhi, naendaje Lusaka?

Stesheni ya TAZARA si stesheni ya Zambia Railways. Ziko mbali kidogo, ndani ya mji uleule. Wengi hupanda basi au gari dogo hapohapo nje ya stesheni hadi Lusaka, takriban kilomita 200. Treni ikiingia mchana magari yapo tele, na bei hupatanwa kabla mzigo haujapakiwa. Ikiingia usiku wa manane, baki ukumbini na abiria wenzako hadi kupambazuke.